Punguza moja: kisa cha soprano aliyefundisha mpaka sauti ikaota sugu

Mara ya kwanza mwimbaji ninayemsindikiza kwa kinanda kuniambia "punguza moja" ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tano, saa kumi na moja jioni, kwenye chumba cha mazoezi kilicho nyuma ya stesheneri yangu hapa Kirumba, Mwanza. Wapiga vinanda wa makanisani wanaijua kauli hiyo. Kuna kitufe cha transpozi. Ukikibonyeza mara moja kwenda chini, kioo kinaandika -1 na kinanda kizima kinashuka nusu toni, huku vidole vyako vikibaki palepale. Wanakwaya wakiamka na mafua, tunapunguza moja. Mchungaji akianzisha pambio juu kuliko uwezo wake, tunapunguza mbili bila kumwambia. Hakuna dhambi hapo. Ila huyu hakuwa na mafua, na wimbo aliotaka nishushe alikuwa ameuimba kwa sauti yake halisi tangu nimfahamu.

"Joto leo," alisema. Nikapunguza.

Ameniruhusu kuandika kisa hiki kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, la shule anayofundisha, wala la hospitali. Nitamwita Mwalimu, maana ndivyo kila mtu anavyomwita, mama yake mzazi akiwemo.

Mwalimu alianzia kwaya ya vijana huko Nyakato, sauti ya kwanza, yaani soprano, akisoma solfa kwenye daftari la mistari kama sisi wote. Kutoka hapo akapata nafasi ya kusomea uimbaji Afrika Kusini, miaka minne, kisha akaimba misimu miwili kwenye kwaya ya nyumba moja ya opera, yaani tamthilia inayoimbwa, huko Ujerumani. Wengi wakisikia "kwaya ya opera" wanadhani ni kazi ya kujitolea ya Jumapili. Ujerumani ina nyumba za opera zaidi ya 80 zinazoendeshwa kwa fedha za umma, na mwanakwaya wake ni mwajiriwa mwenye mshahara, likizo na bima. Alikuwa na kazi nzuri. Akaiacha mama yake alipopata kiharusi, kwa sababu yeye ndiye mtoto pekee wa kike na dada zake wa ukoo walikuwa wamechoka kupokezana.

Kwa hiyo tunaye hapa mtu mwenye ufundi uliotengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa watu elfu moja na okestra ya watu sitini, anaishi Mwanza, mji usio na nyumba ya opera. Anakula kwa kufundisha. Wanafunzi binafsi kumi na wanne kwa wiki, shilingi 15,000 kwa somo. Sekondari moja, siku mbili. Kwaya tatu anazozipitia jioni. Misiba na harusi sisemi, maana huko hulipwa kwa soda na asante.

Watu humuuliza kama opera ni kitu cha Mwafrika. Zamani alikuwa akijibu kwa hotuba, siku hizi anawaonyesha video ya Pretty Yende. Huyo ni soprano wa Piet Retief (sasa eMkhondo), mji mdogo wa Afrika Kusini. Akiwa kijana alisikia opera kwa mara ya kwanza kwenye tangazo la ndege la televisheni. Mwaka 2011 alishinda Operalia, shindano la kimataifa la waimbaji wa opera, na tarehe 6 Mei 2023 aliimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles III. Baada ya hapo mjadala huwa mfupi.

Swali linalofuata, na hili ndilo la maana, ni: bila maikrofoni anasikikaje? Si kwa kupiga kelele. Sauti ya okestra ina nguvu zaidi kwenye mitetemo kama 500 kwa sekunde. Ukipanda juu ya hapo nguvu yake inapungua. Mwimbaji aliyefundwa anapanga koo na mdomo ili sauti yake ipate nguvu ya ziada karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo okestra imeshalegea, basi anapenya kwenye upenyo huo. Soprano akiwa juu kabisa hutumia mbinu nyingine: anafungua taya ili uwazi wa mdomo uitikie noti ileile anayoiimba. Watu wa Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, hawahitaji kuelezwa sana mambo haya. Manju wa Bagika, moja ya makundi mawili hasimu ya ngoma za Wasukuma, anayesimama uwanjani Bujora na kuimba juu ya ngoma, vigelegele na kejeli za Bagalu, kundi pinzani, naye ana namna yake ya kupenya. Hajui kuiita jina la Kijerumani, basi.

Mwezi wa nne alipata kazi aliyoingoja miaka mitatu. Hoteli moja ya kando ya ziwa, upande wa Capri Point, iliandaa usiku wa muziki wa jukwaani, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Nyimbo nane, yeye na mimi na kinanda. Malipo shilingi 800,000, nusu ikatangulia. Makubaliano yote yalikuwa kwenye ujumbe wa simu, hakuna karatasi. Nusu ile ilikwenda siku hiyohiyo kwenye dawa za mama.

Wimbo mkuu wa usiku ule aliuchagua yeye: wimbo wa mwezi kutoka opera ya Rusalka ya mtunzi Antonín Dvořák, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Prague mwaka 1901. Rusalka ni kiumbe wa majini, anaishi ziwani, amempenda binadamu. Anaomba mwezi umpelekee salamu. Baadaye mchawi anamgeuza kuwa mtu, na malipo anayodai ni sauti yake. Mwalimu alisema watu wa ziwani wataelewa bila kutafsiriwa. Kiufundi ni wimbo wa doh ni G flati, karibu dakika sita, na mwishoni unapanda hadi B flati ya juu, ambapo nyuzi za sauti za kooni zinagongana mara 932 kwa sekunde. G flati huwatisha wapiga kinanda wa shule. Sisi wa kanisani tunaipenda, maana vidole vinalala kwenye vitufe vyeusi.

Basi huo ndio wimbo aliosema nipunguze moja.

Nilivyoona na nikanyamaza

Hapa nikiri kosa langu kabla ya kuchambua ya wengine. Mpiga kinanda anayemsindikiza mwimbaji yuko karibu na sauti kuliko mtu yeyote, karibu hata kuliko mwenyewe, kwa kuwa yeye anajisikia kwa ndani ya fuvu na mimi namsikia kwa nje. Niliona dalili kwa mpangilio mzuri kabisa, kama mtu anayesoma kitabu, na sikusema kitu.

Kwanza ilipotea sauti laini ya juu. Ya juu kwa nguvu ilikuwepo, ya juu kwa upole ikawa inaanza na hewa, "hhh", halafu noti inafuata imechelewa. Watu hudhani sauti ikiharibika kinachotangulia kuondoka ni kelele. Ni kinyume chake. Nyuzi zilizovimba zinakubali kutetema ukizisukuma kwa pumzi nyingi, ukizibembeleza zinagoma. Ndiyo maana madaktari wa sauti humwambia mwimbaji aimbe mstari wa kwanza wa ule wimbo wa siku ya kuzaliwa, juu na polepole sana, kila asubuhi. Ukikatika mahali ambapo jana haukukatika, kuna uvimbe.

Kisha ikaja sauti nzito ya asubuhi. Akinipigia simu saa mbili nilikuwa nadhani ni kaka yake. Mwezi wa sita akasema "punguza mbili", na safari hii hakutaja joto. Alikohoakohoa kabla ya kila ubeti, kile kikohozi kikavu cha kusafisha koo ambalo halina kitu.

Mimi nilijiambia amechoka. Ukweli ni kwamba niliogopa kumuudhi mtu aliyenifundisha nusu ya ninachokijua.

Mji nao ulikuwa na majibu yake. Mwenyekiti wa kwaya mojawapo alisema ni ule uimbaji wa kizungu, unapasua koo. Mama wa jirani alisema ni macho ya watu, tangu bango la hoteli libandikwe. Wanafunzi walileta tangawizi, asali, limau, mayai mabichi ya kienyeji, na mmoja alileta chumvi ya mawe ya kunyonya. Tangawizi ya moto ni kitu kitamu na inatuliza, siipingi. Ila chochote unachomeza kinapita njia ya chakula, na njia hiyo hufungwa isiguse nyuzi za sauti. Kikizigusa ndipo unapaliwa. Asali haifiki pale. Maji yenyewe yanasaidia kwa kuzunguka mwilini kwanza, ndiyo maana unayanywa tangu asubuhi, kuyabugia dakika tano kabla ya kupanda jukwaani hakusaidii.

Mimi nilikuwa na nadharia yangu: ile B flati. Nilidhani wimbo wa Rusalka umemzidi. Nadharia hii ilikuwa na sifa moja nzuri, ilinifanya nijione mtaalamu. Ilianguka siku niliyokwenda naye shuleni.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba nilimwachia mdogo wangu duka, nikakaa dawati la nyuma. Darasa la wanafunzi 62, paa la bati lisilo na dari, darasa la jirani likiitikia kwa pamoja majina ya mito. Nilishika simu mkononi na saa ya kuhesabu sekunde. Akifungua kinywa nabonyeza, akinyamaza nabonyeza. Jioni nikaendelea hivyohivyo kwenye masomo yake manne ya binafsi. Mpaka saa moja usiku saa ilikuwa imesoma dakika 94 za sauti tupu, ukiondoa kimya chote cha katikati.

Sasa hesabu ya duka. Mwanamke akizungumza kawaida, nyuzi zake zinagongana kama mara 200 kwa sekunde. Akipaza sauti juu ya bati na mito ya jirani, tuseme 250. Dakika 94 ni sekunde 5,640. Zidisha: migongano 1,410,000 kwa siku moja. Wimbo wa Rusalka una kama dakika nne za sauti ukitoa mapumziko ya kinanda. Kwa wastani wa mitetemo 550 kwa sekunde unapata 132,000. Maana yake siku moja ya kufundisha ilikuwa kama kuimba Rusalka mara kumi na zaidi, mfululizo, na bila ufundi wowote, kwa sababu akizungumza na Fomu Two hakuna anayekumbuka diaframu, msuli wa pumzi. Najua hesabu hii ina tundu: mgongano wa noti ya juu yenye nguvu ni mzito kuliko wa mazungumzo, hivyo si haki kuwahesabu sawa. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuzibwa na tundu hilo.

Na kulikuwa na kitu kingine ambacho saa isingekionyesha. Alikuwa anaonyesha kila kitu kwa sauti yake mwenyewe. Mwanafunzi akikosea, "sikiliza, fanya hivi", na anaimba. Kwa msichana wa sauti ya kwanza, sawa. Kwa kijana wa sauti ya tatu anashuka, anaigiza uzito ambao hana. Kwa kwaya ya Ijumaa aliimbia sauti zote nne, mstari kwa mstari, besi ikiwemo. Tukiwa kwenye daladala kurudi mjini nilimuuliza kwa nini asitumie kinanda kuwapa noti. Alikaa kimya mpaka tukapita Buzuruga.

"Nisipoimba mbele yao," alisema, "nitaimba wapi?"

Nimelifikiria jibu hilo kuliko hesabu zangu zote. Mwimbaji wa Ujerumani akitoka kufundisha anaelekea jukwaani, na jukwaa ndilo linalomzuia kuimaliza sauti darasani, kwa kuwa anajua saa moja na nusu jioni ataihitaji. Mwalimu hakuwa na jukwaa la kumzuia. Darasa ndilo lilikuwa jukwaa lake, lenye watazamaji 62 waliokosa utulivu. Tatizo lake lilikuwa la ajira kabla halijawa la koo.

Kwenye kioo cha daktari

Siku ya kliniki ya masikio, pua na koo nilikwenda naye, kazi yangu ikiwa kushika mkoba. Daktari alipitisha kamera nyembamba puani, ikashuka, na kwenye kioo zikatokea nyuzi mbili nyeupe zenye kung'aa, zimefunguka kama herufi V. Kila mmoja aliyemo chumbani alizungumza na kupumua kwa nyuzi kama hizo, hazifiki hata sentimita mbili kwa mwanamke, na hakuna aliyewahi kuziona zake. Daktari akamwambia aseme "iii". Zikafungana. Ila hazikufungana zote: zilikutana kwenye vijivimbe viwili vidogo vinavyotazamana, theluthi moja kutoka mbele, na mbele yake na nyuma yake pakabaki mwanya. Hewa ilikuwa inavuja hapo. Ile "hhh" ya miezi miwili, niliiona.

"Sugu," daktari alisema. "Kama za mkono wa mkulima. Bado laini. Hatukati."

Mwalimu aliuliza mara mbili kuhusu kukata, maana ndilo lililomnyima usingizi. Kila mwimbaji anaijua habari ya Julie Andrews, aliyefanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1997 na sauti yake ya kuimba haikurudi kama ilivyokuwa. Daktari alieleza kwamba sugu za namna hii kwa kawaida huanza kutibiwa kwa kubadili matumizi ya sauti, na kisu hufikiriwa pale zinapokataa kuondoka. Akaandika: wiki tatu za kunyamaza kadiri iwezekanavyo, hakuna kunong'ona, kwa kuwa kunong'ona nako kunakaza koo, hakuna kukohoa kwa kusafisha koo, na zoezi la mrija. Unachukua mrija wa soda, unauzamisha vidole viwili ndani ya chupa ya maji, unatoa sauti kupitia humo mpaka maji yachemke mapovu. Mgandamizo unaorudi nyuma kutoka kwenye mrija unazisaidia nyuzi kutetema bila kupondana. Kisha akamuuliza anakula usiku saa ngapi. Saa nne, ugali na sato, kisha kulala. Akatingisha kichwa, akaandika kuhusu asidi inayopanda kooni. Hilo nalipita, maana kila mfanyakazi wa mji huu anakula saa nne.

Tuliporudi nilimkumbusha Manuel García, ambaye Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia habari zake zamani. García alikuwa mwimbaji wa Kihispania wa ukoo wa waimbaji. Mwaka 1825 alikwenda New York na kundi la baba yake lililopeleka opera ya Kiitaliano kule. Aliacha jukwaa akiwa bado kijana, akawa mwalimu wa sauti. Mwaka 1854, kwa kioo kidogo cha daktari wa meno kilichoingizwa kooni na kioo cha mkononi cha kurudisha mwanga wa jua, aliona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi, na mwaka uliofuata taarifa yake ikasomwa mbele ya wanasayansi London. Njia waliyoifuata madaktari wa koo duniani kote ilifunguliwa na mwalimu wa uimbaji. Aliishi hadi mwaka 1906, akiwa na miaka 101.

Lakini niliyemtaka hasa ni mwanafunzi wake. Mwaka 1841 alimjia msichana wa Kiswidi, Jenny Lind, miaka ishirini, tayari nyota wa Stockholm na tayari ameimaliza sauti kwa kuimba kupita kiasi. García alimsikiliza akamwambia hana sauti tena. Akampa wiki sita za kunyamaza, arudi baada ya hapo ndipo waone. Alirudi, akafundishwa upya kwa miezi, na mwaka 1842 akawa jukwaani Stockholm. Miaka ya baadaye alizunguka Ulaya na Marekani, na Chuo cha Kifalme cha Muziki kilipofunguliwa London mwaka 1883, Lind alikuwa mmoja wa walimu wake wa sauti.

"Lind hakuwa na Fomu Two," Mwalimu aliandika kwenye karatasi. Alikuwa ameshaanza kunyamaza.

Hesabu iliyokataa kukaa sawa

Ushauri wangu ulikuwa rahisi: vunja onyesho, endelea kufundisha taratibu. Watu wengi wangesema hivyo, kwa kuwa onyesho ndilo linaloonekana la hatari. Hesabu ya saa yangu ilisema kinyume. Kuvunja onyesho kungemwondolea mzigo wa usiku mmoja. Kuvunja masomo kungemwondolea mzigo wenyewe. Lakini masomo ni 210,000 kwa wiki, wiki tatu ni 630,000, na mwenye nyumba hasikilizi habari za García. Onyesho nalo lilikuwa na nusu iliyokwishaliwa.

Mwandaaji alipopigiwa alikuwa na suluhisho lake. "Dada, si kuna vile vidonge? Waimbaji wote wanakunywa." Alimaanisha predinisoloni, ambayo ni kweli hushusha uvimbe haraka, na ni kweli madaktari huwapa waimbaji nyakati fulani wakiwa wanawaangalia. Hatari yake ni kwamba unajisikia mzima. Unapanda, unaipiga B flati yako kwa nyuzi ambazo bado zina jeraha, na mshipa mdogo wa damu unaweza kupasuka humohumo. Hapo hujaahirisha onyesho moja, umepoteza msimu. Mwalimu alitingisha kichwa, mimi nikamwambia mwandaaji hapana. Alikasirika. Kwa kuwa hakukuwa na karatasi inayosema ugonjwa ukitokea nani anabeba hasara, hasira yake ilikuwa na haki kama yetu. Siku hizi kila makubaliano yanapita stesheneri kwangu na yana mstari huo.

Jibu la namna ya kufundisha bila sauti lilitoka nyumbani kwa Mwalimu, kwa mama yake. Baada ya kiharusi mama alipoteza maneno, na kwa mwaka mzima walizungumza kwa kadi: maji, choo, dirisha, naumwa. Neno la kwanza kurudi kinywani lilikuwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na kwa wiki nyingi alilitumia asubuhi, mchana na usiku, kwa kila kitu. Kadi zile bado zilikuwa kwenye kikapu. Mwalimu alikuja dukani na karatasi ya manila ya njano, akakata ishirini na nne, akaandika kwa kalamu nene: PUMZI. TAYA. RUDIA. POLEPOLE. IMBA KAMA UNAONGEA. NIMEKUELEWA. UNAJISIKILIZA? Na moja ya HAPANA yenye michubuko leo hii kwa kutumika sana.

Masomo ya binafsi yakaendelea kwa kadi, mikono, kioo cha ukutani na kinanda. Shuleni aliomba kipaza sauti, akaambiwa bajeti haina. Akanunua kile kidogo cha kufungwa kiunoni chenye maiki ya shavuni, kilekile wanachotumia wauza sumu ya panya wa Makoroboi. Mtu aliyesomea kuimba bila maikrofoni mbele ya okestra anawafundisha watoto kwa kifaa cha sumu ya panya. Alicheka, kimyakimya, mabega yakimtikisika. Darasani alizungumza kwa sauti ya mezani na bati halikumshinda.

Matokeo hayakuwa ya aina moja. Wanafunzi watatu waliacha. Mmoja alisema wazi, na simlaumu, kwamba analipia kumsikia yeye. Wengine wawili hawakuacha, ila walikuwa palepale walipokuwa. Lakini kijana mmoja wa sauti ya tatu, anayetoka Igoma, ambaye kwa miaka miwili alikuwa anaimba kwa namna ya kubana ambayo sote tulidhani ndiyo sauti yake, wiki ya pili akafunguka. Tulipofikiria tukaelewa: alikuwa anamwiga Mwalimu, na Mwalimu alikuwa anaigiza mwanaume. Kijana aliiga uigizaji. Ulipoondoka mfano, akabaki na koo lake.

Onyesho lilihamia mwezi wa kumi baada ya siku nne za kutopokeleana simu. Nyimbo zilikuwa sita, nyingi za katikati, za mtunzi wa Austria Schubert, pamoja na mbili za Kisukuma alizozipanga mwenyewe. Rusalka haikuwemo. Mwandaaji alitaka aweke maiki, Mwalimu akakataa, na ukumbi ulinyamaza kiasi cha kusikia vijiko vya jikoni. Kabla ya hapo, kwenye kioo cha daktari, sugu ya kushoto ilikuwa imetoweka na ya kulia imebaki alama tu. Masomo amepunguza hadi tisa kwa wiki na bei imepanda hadi 22,000. Fedha zinakaribia kulingana, na mwenye nyumba hajajua tofauti.

Rusalka tuliigusa mwezi wa kumi na moja, mvua ikianza. Nilikaa kwenye kinanda, kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha transpozi. Alinitazama, akaonyesha duara kwa vidole viwili. Sifuri. Nikaacha. Aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, na ile sauti laini ya juu ilianza bila hewa, kama taa inayowashwa chumba cha pili. Tulipokaribia B flati mlango ukagongwa. Ni yule kijana wa Igoma, amewahi somo lake la saa kumi, amelowa, ameshika nota ndani ya mfuko wa nailoni. Mwalimu alikata wimbo palepale, akavuta pumzi aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya juu, akaitoa taratibu. Akachukua kadi mezani na kumwonyesha: PUMZI.